Orodha ya Wasiorudi Kusema

Ukurasa wa kwanza wa tovuti ulichukua sekunde arobaini na moja kufunguka. Bisibisi aliupima mara tatu, kwa saa ya mkononi na kwa kompyuta, asije akaambiwa ameusingizia. Sekunde arobaini na moja si mchezo. Ni muda wa kutosha mtu kupiga hodi, kukaribishwa, kuulizwa habari za watoto, kuzijibu zote, na kuanza kununa kwa kuwa hajapewa kiti. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuwa na wa kumlaumu. Tovuti hiyo aliijenga mwenyewe, miaka kumi na saba iliyopita, kwa majivuno yote ya msichana wa miaka ishirini na miwili.

"Umeiona sasa," Baba Mdogo alisema. "Mimi nikishabofya huwa nakwenda kufuta miwani. Nikirudi naikuta."

"Na usipoikuta?"

"Nafuta tena."

Baba Mdogo alikuwa fundi redio, na Bisibisi alikuwa mtoto wa kaka yake. Alipofiwa na wazazi akiwa na miaka saba aliletwa nyumba hii, akalelewa kati ya meza ya kazi ya Baba Mdogo na jiko la Mama Mdogo. Jina la Bisibisi alilipata hapo hapo. Alikuwa mwembamba, kichwa kigumu, na kila bisibisi ilipotafutwa karakanani ilikutwa mkononi mwake. Majina mengine alikuwa nayo, ya shuleni na ya kazini, lakini kwa watu wa nyumba hii hayakuwahi kumkaa.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, chenye dirisha la wavu na meza ndefu iliyoungua madoa meusi kila mahali chuma cha kulehemu kilipowahi kusahauliwa. Ukutani kulikuwa na droo ndogo ndogo, mia na ushee. Baba Mdogo hakuwahi kuandika neno nje ya droo hata moja. Alichukua kimoja cha vilivyomo ndani akakigundisha usoni: droo ya skrubu ilikuwa na skrubu nje, ya fyuzi ilikuwa na fyuzi. Bisibisi alijua kutafuta spea kabla hajajua kusoma vizuri. Asubuhi hiyo ya Alhamisi, alipoingia na mkoba wake na kusikia harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyuka, alisimama kidogo mlangoni, akasingizia uchovu wa safari.

Seva yenyewe, yaani kompyuta iliyobeba tovuti nzima, ilikuwa juu ya stuli pembeni, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma kama televisheni ya sebuleni.

"Mama Mdogo, hii inahema. Ukiifunika inapata joto."

"Inapata vumbi pia," Mama Mdogo alijibu kutoka mlangoni. "Chagua unataka ife kwa lipi."

Bisibisi alikiondoa kitambaa, akakikunja vizuri, akakiweka mbali.

Tovuti iliitwa Uliza Fundi. Mafundi wa miji midogo, wale ambao hawana wa kumwuliza, waliandika tatizo la redio iliyo mbele yao, na Baba Mdogo akawajibu. Kwa miaka kumi na saba alikuwa amejibu maswali elfu ishirini na nne, yote kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia. Na kulikuwa na sharti moja tu. Aliyeuliza, akishafuata maelekezo, lazima arudi aseme "Imewaka" au "Haijawaka". Asiyerudi, swali lake liliwekwa juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kwenye orodha ya wasiorudi kusema, la zamani zaidi likitangulia. Hapo lilikaa mpaka mwenyewe atokee. Watu walikuwa wanaogopa orodha ile kuliko kuogopa umeme.

Sasa chama cha mafundi, ambacho ndicho kilichokuwa kinailipia tovuti intaneti, kilikuwa kimechoka. Katibu wa chama alipiga simu wiki ile na kusema maneno yake bila kuyapaka asali: wanachama wanahamia kwenye makundi ya simu, maana tovuti inalala usingizi. Ijumaa saa tisa alasiri wataifungua wote kwa pamoja, kila mtu kutoka karakana yake. Ikizidi sekunde tatu, itazimwa.

"Kwenye kundi la simu," Baba Mdogo alimwambia Bisibisi, "mtu anauliza asubuhi, mchana swali limeshazikwa na picha za harusi. Kesho anakuja mwingine kuuliza lilelile. Mimi nitajibu mpaka lini? Kila ninachokijua kipo humu." Aliigusa seva begani, kama mtu anayemtambulisha ndugu yake.

Hilo ndilo lililomleta Bisibisi. Lakini tusidanganyane, kulikuwa na lingine pia.

Mwaka ule aliomaliza kuijenga tovuti, Bisibisi alipata kazi ya kutengeneza tovuti katika mji wa mbali. Baba Mdogo alikuwa ameshamwekea kiti cha pili mezani, ameshamnunulia hata koleo lake. Bisibisi alipokuja na habari, mzee alisema, "Nenda," akaendelea na redio iliyokuwa mbele yake. Siku ya safari Mama Mdogo alimsindikiza mpaka kituoni na kulia njia nzima. Baba Mdogo hakunyanyuka kitini.

Miezi minane baadaye, redio ndogo aliyoondoka nayo ikaanza kunguruma na kuzima. Ilikuwa redio ya utoto wake. Kitasa chake cha sauti kilikuwa kimepotea zamani, na Baba Mdogo alikuwa ameweka kifungo cha koti mahali pake. Bisibisi angeweza kupiga simu. Badala yake, kwa kiburi na kwa hamu, vyote viwili kwa mpigo, aliingia kwenye tovuti, akajiita Mgeni wa Mbali, akauliza. Akaeleza kila kitu, hata kifungo. Alitaka agunduliwe, basi, huo ndio ukweli wake.

Jibu lilikuja la mistari mitatu. *Angalia kapasita kubwa iliyo karibu na transfoma. Ikiwa imevimba, badilisha. Ukimaliza, sema kama imewaka.*

Alibadilisha kapasita, redio ikawaka, na yeye akakaa kitandani na redio inayoimba, akiwa na hasira hata machozi yakagoma. Ama mzee amekisahau kifungo alichokitengeneza kwa mkono wake, ama amekikumbuka na kuamua kumjibu kama mtu baki. Lipi lilikuwa afadhali, hakujua. Hakurudi kusema. Miaka kumi na sita sasa alikuja likizo, akala, akacheka, akaondoka, na hawakuligusa jambo hilo hata siku moja. Na miaka yote hiyo, juu kabisa ya orodha, jina la kwanza lilikuwa Mgeni wa Mbali.

Alivuta kiti cha pili. Kilikuwa palepale.

Kazi ya kuiharakisha tovuti iliyochoka inafanana na kazi ya fundi redio kwa jambo moja: hushiki bisibisi kabla hujajua kelele inatoka wapi. Bisibisi alianza kwa kupima. Picha za redio zilizofunguliwa matumbo zilikuwa kubwa kupita kiasi, akazipunguza uzito. Zikaondoka sekunde nne. Lakini mzigo wenyewe ulikuwa kwenye hifadhidata, ghala ambamo tovuti inaweka maswali na majibu yake, kila jibu kwenye mstari wake. Aliiuliza: jedwali la majibu lina mistari mingapi?

Alitegemea elfu ishirini na nne. Ikamjibu milioni tisa na laki sita.

"Baba Mdogo, umejibu dunia nzima?"

"Nimejibu walioniuliza."

Akafungua mistari michache aitazame, na hapo ndipo alipoanza kucheka peke yake, maana alikumbuka. Siku zile umeme ulikuwa haukai. Mara moja ulikatika Baba Mdogo akiwa ameandika jibu kwa saa nzima, kidole kimoja, na jibu lote likapotea. Mzee alikaa akitazama kioo cheusi mpaka jua likahama dirishani, na Bisibisi akamwonea huruma isiyo kifani. Kesho yake akamtengenezea dawa. Kila baada ya sekunde tatu, mashine ichukue chochote kilichoandikwa na ikihifadhi kama mstari mpya, umeme ukatike usikatike. Msomaji aonyeshwe ule wa mwisho tu. Kwa akili za miaka ishirini na miwili aliona amemaliza matatizo ya ulimwengu. Hakuwaza kwamba mistari ile ingekaa humo milele.

Na mzee naye alikuwa na utaratibu wake. Hapo mbele yake Bisibisi aliona siku moja ambayo Baba Mdogo alianza kujibu, akaitwa kula. Mashine ilikuwa imehifadhi maneno "Kwanza chomoa" mara elfu moja na mia mbili.

"Ulikula saa nzima siku hiyo," Bisibisi alisema.

"Siku gani?"

"Siku ya 'Kwanza chomoa'."

"Sasa hata chakula changu unakipima?" Mzee alijifanya amekasirika, lakini masharubu yalikuwa yanacheka.

Basi kila mtu alipofungua ukurasa, hifadhidata ilikuwa inapekua mistari milioni tisa na laki sita, mmoja mmoja, kutafuta ule wa mwisho wa kila jibu. Haikuwa na faharasa, yaani hakikuwepo cha kuionyesha ya mwisho iko wapi. Bisibisi akaiwekea. Sekunde zikashuka mpaka kumi na nne.

"Umefanya nini?" Baba Mdogo aliuliza. Alikuwa amekwenda kufuta miwani na kurudi, akaukuta ukurasa unamsubiri.

"Nilikuwa na droo milioni tisa, zote uso mtupu. Nimegundisha kitu nje ya kila moja."

Mzee akageuka kuzitazama droo zake ukutani. "Hilo lilikuwa la kufanya tangu mwanzo."

"Laiti ningekusikiliza."

"Hukuniuliza," Baba Mdogo alisema, akarudi kwenye redio yake.

Mchana ule Bisibisi aliona kwamba orodha ya wasiorudi nayo ilikuwa mzigo mkubwa. Katibu alikuwa ameshamdokeza kwa simu: ifute tu, nani anaitazama? Hata yeye aliona ni njia rahisi. Na kama tunaambiana ukweli, asingesikitika kuliona jina la Mgeni wa Mbali likiondoka pale bila maelezo.

"Baba Mdogo, hii orodha tukiitoa, kazi imekwisha."

"Hapana."

"Ni majina mia mbili. Wengine hata redio wameacha."

"Toa chochote unachotaka, toa hata picha yangu. Hiyo iache." Hakupandisha sauti. Aliweka chini chuma cha kulehemu, jambo ambalo hakulifanya kwa kila mtu, akangoja mpaka Bisibisi aitikie.

"Sawa, Baba Mdogo."

Akaamua kuzihamisha rasimu. Zile nakala za nusunusu, za kila sekunde tatu, zingekwenda kwenye jedwali lao la pembeni, na jedwali la majibu lingebaki na majibu elfu ishirini na nne tu yaliyokamilika. Kwanza alichukua nakala ya hifadhidata nzima akaiweka kwenye diski yake, maana mtu anayehamisha vitu vya mzee bila nakala anatafuta laana. Kisha akahamisha. Sekunde zikawa sita.

Ilibaki kuhakikisha hakuna kilichopotea njiani. Ilibidi achague jibu moja, atazame rasimu zake kwenye jedwali jipya, na kuona kama zimefika zote. Angeweza kuchagua lolote kati ya elfu ishirini na nne. Mkono ukaenda wenyewe kwenye lile analolijua kwa moyo.

Jibu la mistari mitatu, hata kwa kidole kimoja, lingekuwa na rasimu mia moja, mia na hamsini kwa wingi. Hili lilikuwa na elfu mbili na mia tatu. Bisibisi akapiga hesabu kichwani mara mbili. Baba Mdogo alikuwa amekaa mbele ya jibu hilo karibu saa mbili.

Akaanza kusoma kutoka mwanzo.

*Bisi*

*Bisibisi*

*Bisibisi, ni wewe?*

Halafu mstari mtupu. Alikuwa amefuta. Kisha:

*Bisibisi, kifungo hicho nilikikata kwenye koti langu la harusi na Mama Mdogo wako hajanisamehe hadi le*

Amefuta.

*Unakula lakini?*

Amefuta.

*Chumba chako hatujamweka mtu. Ukitaka*

Amefuta.

*Siku ile sikusimama kukusindikiza. Si kwamba nilikuwa na hasira. Nilikuwa*

Na hapo akakwama. Mstari uliofuata ulikuwa uleule, unaishia na "Nilikuwa". Uliofuata uleule. Bisibisi akashuka, akashuka, "Nilikuwa" haikwishi. Mistari mia nne. Dakika ishirini nzima mzee alikaa na kidole kimoja hewani akitafuta neno la kuweka mbele ya "Nilikuwa", na mashine ya kijinga aliyoitengeneza Bisibisi ikawa inahifadhi kutafuta kwake, kila sekunde tatu, bila kuruka hata moja. Halafu akafuta yote.

*Umejiita Mgeni. Una sababu yako. Basi nami nitakujibu kama mgeni, usije ukaona haya ukaacha kuuliza.*

Amefuta hata hilo. Kisha likaja, taratibu, herufi kwa herufi: *Angalia kapasita kubwa iliyo karibu na transfoma.*

Bisibisi alikaa. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa, ana watu watano chini yake kazini, na alikuwa analia mbele ya jedwali la hifadhidata. Alilia kwa furaha na kwa aibu, na aibu ilikuwa kubwa zaidi. Miaka kumi na sita alimhesabia mtu kosa ambalo hakulifanya.

Mama Mdogo aliingia na kikombe cha chai, akasimama. "Macho yamepatwa na nini?"

"Vumbi la seva."

"Kitambaa umekitoa mwenyewe," Mama Mdogo alisema. Aliweka chai, akamgusa shavu kwa mgongo wa mkono, akaenda zake.

Lililobaki lilimjia polepole, na hilo lilimpata pabaya zaidi. Wiki moja baada ya jibu lile, Baba Mdogo alikuwa amemtumia barua pepe, ya kwanza na ya pekee ya kumwomba kazi. *Niwekee mahali aliyeuliza, kuanzia wiki iliyopita, atarudi aseme kama imewaka. Asiyerudi akae juu kabisa, nimwone kila nikifungua.* Bisibisi aliifanya kazi hiyo akiwa bado na donge. Aliilipua ndani ya saa ya chakula cha mchana, bila kupima, bila kurudia, ili mradi iishe. Ndiyo maana orodha ilikuwa nzito. Kwa kila jina, tovuti ilikuwa inarudi upya kwenye hifadhidata kuuliza: huyu amerudi? Na huyu? Na huyu? Mara mia mbili, kwa kila anayefungua ukurasa. Orodha hiyo Baba Mdogo alimwekea yeye. Yeye akamjengea kwa hasira, ikaja kuwa karibu kuizima kazi ya mzee.

Ijumaa asubuhi aliiandika upya. Hakuilipua. Aliifanya tovuti iulize mara moja tu, kwa wote pamoja: nani hajarudi? Akaigundishia faharasa yake. Akapima, akapima tena, akafungua ukurasa kwa simu, kwa kompyuta yake, na kwa kompyuta ya Mama Mdogo ya kusomea tanzia za watu asiowajua. Kila alipobofya, ukurasa ulikuwa umeshafika.

Halafu akafungua swali la Mgeni wa Mbali. Alikuwa bado analikumbuka neno la siri la kuingilia, maana lilikuwa jina la redio ile. Akaandika, akafuta. Akaandika tena. Ilimchukua muda kuliko faharasa zote.

Saa tisa kasoro dakika mbili Baba Mdogo alikaa mbele ya kompyuta, amevaa shati la kutokea. Simu ilikuwa mezani, sauti ya Katibu ikisikika chumba kizima.

"Mafundi arobaini tuko tayari, Fundi. Nahesabu. Moja, mbili, tatu, fungua."

Baba Mdogo akabofya, na kama kawaida yake, akashika ncha ya shati na kuvua miwani aifute. Hakufika mbali.

"Imefunguka," Bisibisi alisema.

"Ngoja nifute kwanza..."

"Imefunguka, Baba Mdogo."

Mzee akavaa miwani, akatazama. Kwenye simu watu walikuwa wanaongea wote kwa wakati mmoja, na mmoja alikuwa anacheka. Katibu alikuwa anasema kwake haikufika hata sekunde moja, jamani, haikufika hata moja. Baba Mdogo hakuwa anasikiliza. Jicho lake lilikuwa limekwenda juu kabisa ya orodha, mahali lilipozoea kwenda kila siku kabla ya kwenda penginepo, na pale palikuwa na jina lingine.

"Umemfuta," alisema. Uso ulikuwa umemshuka. "Nilikwambia iache."

"Sijafuta mtu. Fungua swali lenyewe."

Kidole kikasita, kikabofya. Swali la zamani likafunguka. Chini yake jibu la mistari mitatu. Na chini ya jibu, kwa mara ya kwanza tangu liandikwe, palikuwa na kitu.

*Imewaka. Ilikuwa kapasita ileile. Kifungo cha koti bado kipo. Nisamehe nimechelewa kurudi kusema. Bisibisi.*

Mzee alisoma. Alifika mwisho, akarudi mwanzo, na midomo ilikuwa inatembea kama ya mtoto anayejifunza kusoma.

"Nilijua," alisema mwishowe.

"Najua kwamba ulijua. Mashine ilihifadhi kila kitu. Kila sekunde tatu."

"Hata nilivyovifuta?"

"Hata ulivyovifuta."

Baba Mdogo akaigeukia seva juu ya stuli yake, akaikazia macho. "Kumbe miaka yote nimeishi na mchongezi."

"Uliandika 'Nilikuwa'," Bisibisi alisema. Sauti ilimkatika, akaiacha ikatike. "Ukaishia hapo. Dakika ishirini."

Mzee alivua miwani, akaiweka mezani. Feni ya seva ilikuwa inavuma, na kwenye simu mafundi wakiendelea kufungua kurasa na kutangaziana sekunde.

"Miguu ilikataa," alisema. "Nilikuwa nimejiambia, nikisimama tu, nitakushika mkono, sitauachia, na wewe una gari la kuwahi. Ndiyo maana nikakaa. Nilikuwa naogopa kusimama, basi. Hilo ndilo lililonishinda kuandika."

"Fundi?" Katibu aliita. "Fundi, upo? Tumekubaliana hapa, tovuti inabaki. Hutasema neno kwa wanachama?"

"Ngoja kidogo, Katibu," Baba Mdogo alisema. "Nasimama."

Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, magoti yakalia, na akasimama.